Pipa la Kiganja

Nyumbani, tarehe 12 Oktoba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na kama unaisoma barua hii kwa miwani yako mwenyewe, si kwa kusomewa na mkweo, basi nawe hujambo. Mtoto ametimiza miezi saba. Jina lake la kwenye cheti hakuna anayelitumia. Baba yake alimwita Honi siku ya tatu tu, kwa ajili ya kile kilio chake, na sasa mtaa mzima unamwita Honi. Ameota jino moja la chini na kazi yake ni kuning'ata mimi. Baba Honi bado anaendesha lori la kiwanda cha mvinyo. Mgongo unamsumbua, ila ukimuuliza anasema tatizo ni kiti.

Unajua kuandika si kazi yangu. Niliishia darasa la saba, na kalamu naishika kama mkasi wa kupogolea. Lakini hili nimeona nisilipeleke kwa simu, maana kwenye simu wewe unasema "usijali, mama" halafu unakata.

Mkuu wa kiwanda aliniita wiki iliyopita. Ni yuleyule msichana uliyemfundisha kuosha mapipa. Siku hizi ana ofisi na koti jeupe. Alinipeleka mpaka kwenye pipa letu, akasimama mbele ya ile alama ya kiganja cha Bibi ya rangi nyeupe, akanimiminia mvinyo kidogo. "Onja, dada, uniambie." Nikaonja, nikamrudishia glasi. Akasema, "Mzito kama sharubati, na ukiumeza unaunguza koo. Mwaka jana ulikuwa hivihivi. Ule uchachu wake uko wapi?"

Akaniambia wazi: mavuno yajayo yakitoka vile tena, mvinyo wetu utamwagwa kwenye tangi kubwa uchanganywe na wa kila mtu, na pipa la kiganja litatolewa ghalani. Fundi mapipa akadakia kwamba mapipa ya kizamani yakikatwa katikati yanafaa sana kupandia maua. Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani nikakaa jikoni na Honi mapajani, sikumaliza hata kumenya viazi.

Mjomba, pipa lile ndilo kitu pekee duniani kinachojulikana kuwa ni chetu. Bibi alilipiga chapa ya mkono wake, Mama akalijaza miaka yake yote, na mimi nimepata mistari sita ya mizabibu na zamu yangu. Sitaki liishie mikononi mwangu.

Nimechukua chupa mbili za mvinyo wa mwaka jana, nikazifungua kuonja kidogo, nikaziziba. Moja kizibo kimeiharibu, inanuka gunia lililolowa likasahauliwa. Hiyo nimeifunga uzi mwekundu shingoni asije mtu akainywa. Nzima ndiyo inayokuja kwako, kwa mkono wa dereva mwenzake Baba Honi, anaondoka kesho. Baba Honi anaifunga sasa hivi kwenye nepi safi ya mtoto. Inuse, uionje, uniambie tunakosea wapi. Umeifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Hata leo pale kiwandani wakikutaja ni "Mzee Pua", jina lako lingine wamelisahau.

Nakungoja,
Mwana wa dada yako


Mjini, tarehe 9 Novemba

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Chupa imefika salama. Mkwe wangu alipofungua mzigo akakuta nepi, akanitazama kwa huruma, nikamwambia bado, siku zikifika nitamjulisha.

Mimi ni mzima. Yale mafua makali ya mwaka juzi yalishaondoka. Tunakaa ghorofa ya nne, na lifti inapanda siku inayotaka yenyewe. Mwanangu anatoka asubuhi anarudi jioni. Mkwe ana cherehani yake sebuleni, yeye anashona, mimi nakaa dirishani nahesabu matangi ya maji juu ya mapaa. Juzi aliniachia maziwa jikoni niyaangalie, yakaungua mpaka sufuria ikawa nyeusi, nami nimekaa hatua mbili tu. Akasema, "Mzee, unaota mchana." Kweli, naota. Naota mteremko wetu.

Sasa mvinyo. Msichana yule nilimfundisha kuosha mapipa, sikumfundisha kunusa. Nimeikalia chupa yako jioni nzima. Mmeivisha na uzi mwekundu shingoni kama mwanafunzi aliyeshinda mbio. Inanukia zabibu zilizoiva zikatulia, nyuma yake majani makavu, na nyuma kabisa udongo ulioonja mvua ya kwanza. Hiyo ndiyo harufu yetu. Haijabadilika. Sioni kosa.

Wewe hukuwahi kuyaona mavuno yetu ya zamani, ndiyo maana unaogopa. Sisi miaka hatukuitaja kwa namba. Kulikuwa na Mwaka wa Mvua ya Mawe, tulivuna robo, lakini ile robo watu waliigombania. Kulikuwa na Mwaka wa Ukungu, asubuhi zilikuwa za baridi mpaka mwisho wa Machi, mama yako akichuma huku amevaa soksi mikononi na kucheka meno yakigongana. Mvinyo wa mwaka ule ulikaa miaka kumi bila kuchoka. Mtu ukiunusa unajua mvua ilikoma lini na upepo ulitoka upande gani. Mbingu zote zilikuwa humo ndani ya glasi.

Fanya tulivyofanya sisi. Ondoa majani pande zote mbili za mstari, jua liingie mpaka kwenye vichala. Na usichume mpaka mbegu ziwe kahawia, utafune zivunjike mdomoni kama karanga. Mama yetu hakuwa na kipimo kingine zaidi ya meno yake. Hiyo huwa mwisho wa Machi. Kabla ya hapo hatujawahi.

Mbusu Honi. Mwambie na mimi sina meno mengi kuliko yeye.

Mjomba wako


Nyumbani, tarehe 2 Desemba

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka Honi naye akacheka bila kujua sababu. Mara ya pili na ya tatu sikucheka sana.

Honi anatambaa, ila anarudi nyuma. Akiona kitu anachokitaka anajitahidi sana na kila akijitahidi anazidi kukiacha mbali. Baba yake anasema gia imegoma.

Mvua ya mwaka huu imefanya ajabu. Imenyesha siku nne mfululizo, ikachukua udongo wa mstari wa chini ikaupeleka barabarani, kisha ikakata kama bomba lililofungwa. Tangu hapo anga ni jeupe tu. Nakumbuka nikiwa mtoto mvua ilikuwa inakuja kila baada ya siku kadhaa, kidogokidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni kuona kama tupo.

Majani nimeanza kutoa, pande zote mbili, kama ulivyosema. Nimeanza na mstari wa kwanza, ule aliopanda Mama.

Kuhusu uzi mwekundu, aliyefunga mzigo ni Baba Honi, siyo mimi. Chupa nyingine bado iko kabatini, na nimeionja tena jana. Nina neno, lakini nitaliacha kwanza. Nikuulize tu: hayo maziwa yalipokuwa yanaungua, na wewe upo hatua mbili, hukusikia harufu?

Mwana wa dada yako


Mjini, tarehe 30 Desemba

Mama,

Marahaba. Hapa wote wazima. Mkwe amepata kazi ya kushona sare za shule, nyumba imejaa kola.

Umeniuliza habari za sufuria. Sufuria yenyewe ilikuwa nyembamba.

Mstari wa kwanza nakumbuka ulivyopandwa. Mama yako alikuwa na miaka kumi na sita, na miche aliibeba kwenye ndoo ya maji kichwani, akaniambia nichimbe mashimo yeye atapima nafasi kwa hatua zake. Hatua zake zilikuwa za mtu mwenye haraka, ndiyo maana mizabibu ile imeachana kuliko mingine. Baba yetu alitaka ing'olewe ipandwe upya kwa kamba. Mama yetu akasema iache, itakuwa inajulikana ni ya nani. Kila nikipita pale nilikuwa namwona anavuka, ndoo kichwani.

Endelea na majani. Na usisahau, mbegu kahawia, mwisho wa Machi. Nikifumba macho nayaona mavuno.

Mjomba wako


Nyumbani, tarehe 6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Honi ametokwa na vipele vya joto kutoka shingoni mpaka mgongoni. Namwogesha mara tatu kwa siku, na sasa akiona beseni anapiga makofi. Amesimama juzi kwa kushika ndoo. Amesimama kidogo, akajishangaa, akakaa.

Joto hili sijapata kuliona. Mchana kuwa mkali tumezoea, lakini sasa hata asubuhi hakuna ubaridi. Ukishika ukuta kabla jua halijatoka, bado una joto la jana. Unakumbuka Mama alivyokuwa ananivalisha sweta kwenda kuangalia zabibu mwezi huu wa pili? Nililitoa sandukuni nikamjaribishia Honi. Alilia mpaka nikalivua.

Nina mambo matatu ya kukuambia, na yote magumu, kwa hiyo nayamimina.

La kwanza, mstari wa Mama umeungua. Nilitoa majani pande zote mbili kama ulivyonielekeza, jua la saa tisa likavipiga vichala usoni. Zabibu zimebabuka upande mmoja, zimekuwa ngumu kama ngozi ya kiatu. Nilipoona zinaanza kubadilika rangi niliacha ile mistari mitano mingine na majani yake ya upande wa jua kuzama, nikatoa ya upande wa asubuhi peke yake. Hiyo imepona. Nilikuficha kwa sababu ungejilaumu. Mimi ndiye niliyeshika mkasi.

La pili, mkuu ameniazima kipimo cha sukari, unadondoshea tone la juisi unachungulia kama darubini. Sukari imeshafika pale ilipokuwa inafika mwisho wa Machi enzi zako. Lakini mbegu, nikitafuna, bado ni za kijani. Nimelifikiria sana hili wakati namwogesha mtoto. Nadhani zamani sukari na mbegu zilikuwa zinatembea pamoja kama watu wawili wanaotoka sokoni na mizigo sawa. Ukimwona mmoja, mwenzake yupo. Bibi aliitazama mbegu akajua yote. Sasa joto limeitia sukari mbio, mbegu imebaki nyuma inatweta. Nikiisubiri mbegu, sukari itakuwa imepitiliza na uchachu wote umeondoka. Ndicho kilichotokea mwaka jana, na mwaka juzi. Hatukukosea kitu. Tulifanya vilevile siku zote, hali ya hewa ndiyo haikufanya vilevile.

Nitachuma tarehe 11. Barua hii haitakufikia kabla ya hapo, najua, na labda ndiyo maana naweza kuiandika.

La tatu ni lile neno nililoliacha. Mjomba, chupa uliyoisifu ndiyo ile mbovu. Yenye uzi mwekundu ndiyo yenye gunia. Baba Honi alikosea kufunga. Nilipokuwa nimeishika mimi, Honi alikunja uso akageuka, na yeye anakula mpaka sabuni. Nadhani pua yako iliondoka na yale mafua na hukutaka kutuambia. Ulivyoniandikia, majani makavu, udongo na mvua ya kwanza, nimeyasoma mpaka nayajua kwa moyo. Ulinusa miaka ya zamani, Mjomba. Haikuwa kwenye chupa.

Sikuambii kwa kukuumbua. Ungekuwa hapa ningekushika mkono.

Mwana wa dada yako


Mjini, tarehe 8 Februari

Mama,

Marahaba, maana najua umenisalimia. Barua yako ya Januari sijaiona, kwa hiyo ama haipo ama iko njiani.

Redio imesema huko kwenu kuna joto la kupasua mawe, na nakujua. Najua vidole vinakuwasha. Sikiliza. Bibi yako mwaka mmoja ndege walikula theluthi ya zabibu mbele ya macho yake, na alisubiri. Jirani yetu alichuma wiki mbili mapema akatucheka, kisha akatengeneza maji ya majani ambayo hata nyuki hawakuyataka. Mbegu ya kijani ni mbegu ya kijani. Joto huja na kwenda. Sisi tuna utaratibu, na utaratibu ndio uliotufikisha hapa.

Ukilijaza pipa la mama yangu zabibu mbichi, afadhali wakalipandie maua. Nimesema. Na ukichuma kabla ya Machi usiniandikie kunieleza sababu.

Mjomba wako


Nyumbani, tarehe 1 Machi

Shikamoo Mjomba, ingawa umenikataza.

Yako imefika siku ya nne baada ya kukamua. Nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, mikono bado ya zambarau. Sikuandikii kueleza sababu. Nakuandikia ilivyokuwa, maana hata ukiwa umenikasirikia ungependa kujua.

Tulianza alfajiri, zabibu zikiwa na ubaridi kidogo wa kubahatisha. Tulikuwa wanane. Yule mama mnene wa kreti, uliyekuwa unamwita Jenerali, alitia zabibu moja mdomoni akafumba jicho moja. "Dada, leo tunachuma zabibu au ndimu?" Wote wakaangua kicheko. Nikamwambia kama ni ndimu asizile, kazi ziendelee. Kuanzia hapo kila mtu akijaza kreti anapiga kelele, "Ndimu zangu hizo, andika!"

Mimi nilikuwa nacheka nao. Kila kichala nilichokata nilitaka kukirudisha. Honi alikuwa kwenye kreti tupu chini ya mzabibu wa mwisho, kwenye kivuli cha majani niliyoyaacha. Saa mbili na nusu jua likaanza kuuma, na tulikuwa tumemaliza. Mstari wa Mama tuliupitia mwisho. Tulipata ndoo moja na nusu ya zabibu nzima. Nimezitia pamoja na zingine. Sikuweza kuziacha.

Sasa umo ndani ya pipa, unachemka. Nikiweka sikio nausikia. Hakuna anayejua utakuwaje, hata mkuu amesema tungoje baridi.

Kama ni kosa, ni la kwangu, na kiganja cha Bibi kinalijua.

Mwana wa dada yako


Nyumbani, tarehe 24 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tangu Februari hujaandika. Nimempigia mwanao, akasema hujambo, unakula, ila huongei sana, na barua zangu hajui umeziweka wapi. Basi naandika hivyo hivyo. Honi anatembea. Anakwenda mbele siku hizi, na hajui kusimama, anasimamishwa na ukuta.

Jana mkuu aliniita. Nilivaa gauni langu la arusi za watu. Fundi mapipa alikuwepo, na Jenerali akajipenyeza kwa kisingizio cha kufagia. Mkuu akavuta mvinyo kwa ule mrija wa kioo, akaushika kwenye mwanga, akanusa muda mrefu. Akaonja. Akatema kwenye ndoo, akaonja tena. Safari ya pili hakutema.

"Huu si wa bibi yenu," akasema.

Nikasema, "Najua."

"Mwembamba kuliko ule. Nyuma una ubichi kidogo." Akaiinua tena glasi kwenye mwanga. "Lakini uko hai. Ghala hili lina mapipa arobaini, na mengi ni sharubati. Huu umenyooka. Pipa linabaki, na kiganja chake."

Jenerali akasema, "Ndimu hizo," akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Fundi mapipa akasema maua atatafutia ndoo.

Nilitoka nje nikasimama kwenye uzio. Nilifurahi, Mjomba, ila ilikuwa furaha yenye kuaga. Mvinyo ule wa Mwaka wa Ukungu sitaujua kamwe. Asubuhi za baridi za mwisho wa Machi hazipo, na sidhani Honi atazivaa soksi mikononi. Nimeokoa pipa, lakini kilichomo ni kitu kingine. Nilitaka nikuambie wewe, maana wengine hawajui tumepoteza nini.

Nakutumia chupa. Safari hii nimeifunga mwenyewe. Na kwa kuwa najua unachokijua, nitakuandikia inavyonukia, neno kwa neno, bila kupamba. Ukifungua tu, ni kama mtu amekwangua ganda la limau chumba cha pili. Ukingoja, inakuja harufu ya jiwe lililomwagiwa maji. Halafu majani ya nyanya ukiyasugua kwa vidole, huo ndio ubichi aliousema mkuu. Mwishoni kabisa, na sina hakika, kuna kitu kama shati lililoanikwa nje siku nzima. Udongo wa mvua ya kwanza nimeutafuta. Haupo.

Mwana wa dada yako


Mjini, tarehe 20 Julai

Mama yangu mdogo,

Marahaba, na za miezi yote niliyokunyima. Barua zako zipo chini ya godoro. Mkwe akitandika anazirudisha palepale bila kusema neno, na hilo nimemshukuru kimoyomoyo.

Ni kweli. Tangu yale mafua sinusi kitu. Si maziwa, si moshi, si sabuni. Nilidhani itarudi, nikangoja, kisha nikaona haya. Nikiitwa Mzee Pua kwa miaka thelathini na moja, ningesema nini? Chupa yako ilipokuja nilikaa nayo jioni nzima kama nilivyokuambia. Hilo halikuwa uongo. Niliivuta, ikawa kama kuvuta hewa ya dirishani. Nikafumba macho nikamwona mama yako, nikaandika nilichoona. Na nikakutumia hayo kama ushauri, ukaenda ukauvua nguo mstari wake mbele ya jua. Nimelifikiria hilo kila siku. Wewe umesema uliyeshika mkasi ni wewe. Asante, lakini aliyekuambia kata ni mimi.

Ile barua ya Februari niliyokuandikia, ningeweza ningeifuata posta nikaitoe kwenye gunia.

Kuna jingine sikumwambia mtu. Nilidhani na ulimi umekufa. Miaka hii miwili mwanangu ananiletea mvinyo wa kwetu, kutoka mteremko wetu na ya jirani, na kila nikionja ni maji ya moto yenye sukari. Hakuna mahali panaposhika. Nikasema basi, nimekwisha, pua na ulimi vimeondoka pamoja, kilichobaki ni kukaa dirishani.

Jana alasiri chupa yako ilifika. Nilichukua barua yako nikaisoma kwa sauti kwanza, limau, jiwe, majani ya nyanya, shati. Nikanusa. Hakuna kitu, kama kawaida. Nikatia mdomoni.

Pembeni mwa ulimi, huku na huku, pakakamatwa. Taya zikanibana. Mate yakanijaa mpaka nikatafuta leso, na macho nayo yakashiriki. Mkwe akasimamisha cherehani. "Mzee, unalia nini?"

Nikamwambia, "Silii. Mchachu."

Akadhani nalalamika, akataka kuuondoa. Nikaishika glasi kwa mikono miwili. Mama, ulimi wangu haukufa. Ulikuwa mzima muda wote, ulikuwa umekaa unangoja kitu cha kushika, na joto lilikuwa limekichukua kabla hakijafika hapa. Nilidhani ni mimi ninayezeeka. Kumbe ni mvinyo wenyewe.

Mwakani usinisubiri, wala usiulize. Kipimo unacho na macho unayo, na ukikosea utakosea kwa habari za mwaka wenyewe, siyo za miaka yangu. Harufu niandikie tu, kama ulivyoandika hizi, bila kupamba.

Nilipomaliza nikamwomba mkwe aniongeze nusu glasi. Alinitazama sana kabla ya kumimina, maana tangu nihamie humu ndani sijawahi kuomba cha pili.

Mjomba wako